Nyuzi 42.6 za Paris: jedwali la rekodi na usiku lisiouonyesha

Alasiri ya Alhamisi, 25 Julai 2019, kipimajoto cha kituo cha Montsouris, kusini mwa jiji la Paris, kilisoma nyuzi joto 42.6 za Selsiasi. Rekodi ya zamani, nyuzi 40.4 zilizopimwa tarehe 28 Julai 1947, ilikuwa imekwisha kuvunjwa mapema mchana huo, na halijoto ikaendelea kupanda hata baada ya habari kutangazwa. Siku hiyohiyo, katika mji wa Lingen ulioko kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, kituo kingine kilipima 42.6 vilevile, tarakimu kwa tarakimu, na namba hiyo ikapokewa kuwa rekodi ya Ujerumani nzima. Leo namba ya Paris ingali kwenye jedwali, ya Lingen haimo. Mwezi Desemba 2020 idara ya hali ya hewa ya Ujerumani iliifuta baada ya kuridhika kwamba mimea iliyokuwa imekua kukizunguka kituo iliuzuia upepo na kukifanya kisome joto lililozidi lile la eneo lenyewe. Rekodi ya nchi hiyo ikabaki nyuzi 41.2, zilizopimwa siku ileile Duisburg-Baerl na Tönisvorst.

Namba mbili zilizofanana kabisa, za siku moja, zikawa na hatima mbili tofauti, na tofauti hiyo haikuletwa na hewa bali na miti. Ndiyo maana rekodi ya joto la siku moja katika jiji moja, ambayo wasomaji wengi huichukulia kama ukweli uliochongwa kwenye jiwe, inafaa kusomwa kama jibu la swali jembamba sana: katika tarehe hii, mahali hapa hasa, ndani ya kibanda hiki, hewa ilifikia joto gani kwa dakika chache za alasiri? Swali hilo ni halali, na jibu lake lina thamani kubwa. Tatizo huanza pale tunapolichukua jibu hilo na kulibandika kwenye swali jingine, yaani siku ile ilikuwa mbaya kiasi gani kwa watu wa jiji.

Kituo cha Montsouris kimo ndani ya bustani kubwa yenye ziwa na miti mirefu, katika wilaya ya 14, karibu kabisa na mpaka wa kusini wa jiji. Kwa miaka mingi shughuli za uchunguzi wa hali ya hewa mahali hapo zilikuwa katika jengo la ajabu lililoitwa Kasri la Bardo, nakala ya jumba la mtawala wa Tunis iliyojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1867, kisha ikahamishiwa bustanini. Jengo hilo liliteketea kwa moto mwaka 1991. Mfululizo wa vipimo vinavyotumiwa kwa rekodi za Paris unahesabiwa kuanzia mwaka 1873. Si kwamba kabla ya hapo jiji halikuwa na watu wa kupima: Ismaël Boulliau aliandika halijoto ya Paris kwa kipimajoto cha Florence tangu mwaka 1658, na daktari Louis Morin akafanya kazi hiyo kwa karibu nusu karne kuanzia 1665. Lakini vipimo vyao vilichukuliwa kwa vyombo na kwa saa ambazo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za leo, kwa hiyo jedwali la rekodi huviacha kando.

Hata ndani ya mfululizo wa Montsouris mambo hayakukaa palepale. Katika karne ya 19 wapimaji wa Ufaransa walitumia kibanda kilichoachwa wazi upande wa kaskazini, chenye paa la kukinga jua, ambacho mpaka leo wataalamu hukiita kwa jina la bustani hiyohiyo. Hewa ilipita vizuri, ila mwanga ulioakisiwa kutoka ardhini nao uliingia, na siku za jua kali kipimajoto kilielekea kusoma juu kidogo. Baadaye vibanda vyeupe vyenye kuta za mbao za mlazo, vilivyobuniwa na Mskoti Thomas Stevenson, vilichukua nafasi yake, na hatimaye vikaja vipimo vya kielektroniki. Msomaji mwenye shaka anaweza kuuliza ikiwa joto la sasa linatokana na vyombo tu. Jibu ni kwamba hitilafu ya kibanda cha zamani ilielekea upande wa kuyapandisha majira ya joto ya zamani, kwa hiyo kuisahihisha hakuwezi kuishusha tofauti kati ya enzi zile na sasa, kunaiongeza.

Masharti ya kituo cha kisasa yanajulikana: kipimajoto kikae kivulini, ndani ya kibanda kinachopitisha hewa, kimo cha takriban mita moja na robo hadi mbili kutoka ardhini, juu ya nyasi, mbali na kuta na lami. Masharti hayo yana sababu. Kipimajoto kilichowekwa juani hujipima chenyewe, hakipimi hewa, na kilichobandikwa ukutani hupima ukuta. Wakazi wa Paris wana mfano huo mbele ya macho yao kila kiangazi, kwa kuwa misalaba ya kijani inayowaka nje ya maduka ya dawa huonyesha pia halijoto, na mara nyingi husoma nyuzi kadhaa zaidi ya kituo rasmi. Watu hupiga picha zake na kuzisambaza. Zinafurahisha, lakini haziwezi kulinganishwa na mwaka 1947.

Sasa tuitazame rekodi yenyewe. Kati ya 28 Julai 1947 na 25 Julai 2019 palipita miaka 72 kasoro siku tatu. Katika mfululizo mrefu kiasi hiki, rekodi ya juu kabisa inapovunjwa huwa inavunjwa kwa sehemu ya kumi moja au chache za nyuzi, kama vile mkimbiaji anavyoipunguza rekodi ya mbio fupi kwa chembe za sekunde. Montsouris iliruka nyuzi 2.2 kwa mpigo mmoja. Wastani wa kiwango cha juu cha mchana wa Julai kituoni hapo ni takriban nyuzi 26. Siku ile ilizidi wastani huo kwa nyuzi zipatazo 17.

Sababu za moja kwa moja zinaeleweka. Hewa ya moto na kavu kutoka Afrika Kaskazini ilivutwa kupitia Uhispania na kuingizwa Ulaya Magharibi na mgandamizo mkubwa wa hewa uliokuwa umesimama kati ya maeneo mawili ya mgandamizo mdogo. Udongo nao ulikuwa mkavu, kwa kuwa wimbi jingine la joto lilikuwa limepita mwishoni mwa Juni, lile lililoufikisha mji wa Vérargues, kusini mwa Ufaransa, kwenye nyuzi 46.0, rekodi ya nchi nzima. Udongo wenye maji hutumia sehemu ya nishati ya jua kuyageuza maji kuwa mvuke. Udongo mkavu hauna pa kuipeleka nishati hiyo ila kuipasha hewa. Mifumo ya hewa ya namna hii ilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kiwango cha joto ambacho mifumo hiyo inaanzia, na wanasayansi waliolichambua wimbi hilo la Julai walikadiria kwamba bila ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu lingekuwa chini kwa nyuzi 1.5 hadi 3.

Kuna njia nyingine ya kulitazama jambo hili, isiyohitaji kompyuta kubwa. Tuseme hali ya hewa ya Paris haikubadilika hata kidogo tangu 1873, na kila mwaka una nafasi sawa na mwingine. Basi, kwa tarehe yoyote ile, uwezekano wa mwaka wa 147 wa mfululizo kuwa ndio wenye joto kuliko yote ungekuwa mmoja kwa 147, na rekodi mpya zingezidi kuwa adimu kadiri daftari linavyonenepa. Mwaka mzima wenye siku 365 ungeleta, kwa wastani, rekodi mbili au tatu tu za joto la tarehe na rekodi mbili au tatu za baridi. Vivuko vya nyuzi 40 vinatoa picha kali zaidi. Kuanzia 1873 hadi 2022 Montsouris ilivuka kiwango hicho katika siku tatu pekee: 28 Julai 1947, 25 Julai 2019, na 19 Julai 2022 ilipofika 40.5. Kama siku hizo tatu kila moja ingepangiwa mwaka wake kwa kura ndani ya miaka 150, uwezekano wa angalau mbili kuangukia miaka minne ya mwisho ungekuwa takriban mara moja katika 480. Nakiri kwamba mwenye kuchagua pa kuishia hesabu huwa ameshaonja mchuzi kabla ya kuupakua, na anayetaka kupinga anaweza kuurefusha mfululizo apendavyo. Lakini itabidi aurefushe sana kabla namba hiyo haijawa ya kawaida.

Kufikia hapo, rekodi ya mchana imefanya kazi yake vizuri. Imetuonyesha kwamba jambo fulani limesogea. Isichoweza kutuonyesha ni maafa, na hapo ndipo ninapotofautiana na namna inavyotumiwa magazetini.

Mtu akilifungua jedwali la kawaida la rekodi za tarehe yoyote, atakuta visanduku viwili: kiwango cha juu kabisa kilichowahi kupimwa na kiwango cha chini kabisa. Cha kwanza ni mchana wenye joto kuliko michana yote ya tarehe hiyo. Cha pili ni usiku wenye baridi kuliko yote. Jedwali limejengwa kwa ncha mbili, na kwa anayetaka kujua ncha linatosha. Lakini usiku wenye joto kuliko yote, ule ambao halijoto yake ya chini haikushuka inavyopaswa, hauna kisanduku. Umezama katikati ya ncha hizo mbili, wala hauonekani.

Agosti 2003 ndiyo iliyofichwa hapo. Kwa siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 4 hadi 12, Montsouris ilivuka nyuzi 35 kila mchana. Hata siku moja kati ya hizo haikufika 40, na rekodi ya 1947 ilibaki salama. Aliyekuwa akiangalia kisanduku cha rekodi ya juu kabisa hakuwa na la kutangaza. Ila usiku, kuelekea mwisho wa wimbi hilo, kipimajoto kilikataa kushuka chini ya nyuzi 25.5, kiwango ambacho kituo hicho hakikuwa kimewahi kukiona kama halijoto ya chini ya usiku. Ufaransa ilipoteza takriban watu 15,000 zaidi ya kawaida katika siku 20 za kwanza za mwezi huo, na ndani ya Paris vifo viliongezeka zaidi ya maradufu. Vyumba vya maiti vilijaa, hata ghala lenye ubaridi huko Rungis, kwenye soko kuu la jumla la vyakula, likatumika kuhifadhi miili. Mkurugenzi mkuu wa afya alijiuzulu. Tarehe 3 Septemba, miili 57 ambayo hakuna ndugu aliyejitokeza kuidai ilizikwa katika makaburi ya Thiais, Rais Jacques Chirac akiwapo.

Kwa nini usiku? Mwili wa binadamu hupambana na joto kwa jasho na kwa kusukuma damu nyingi zaidi kuelekea kwenye ngozi, na kazi hiyo huuelemea moyo. Kijana hulipa deni hilo usiku, hewa inapopoa. Mzee ambaye hisia yake ya kiu imefifia, ambaye huenda anatumia dawa za kupunguza maji mwilini, huamka na deni la jana juu yake kisha akaongezewa la leo, na siku ya tano au ya sita moyo unashindwa. Ndiyo sababu mfululizo wa michana ya nyuzi 36 na usiku usiopoa unaweza kuua kuliko alasiri moja ya 42.6 inayofuatwa na mvua. Mwaka 2019 wimbi la Julai lilikuwa kali mno lakini fupi, na vifo vya ziada vilivyohesabiwa kwa mawimbi ya Juni na Julai, Ufaransa nzima, vilikuwa karibu 1,500. Maandalizi yaliyofanywa baada ya 2003 yalisaidia, bila shaka. Lakini anayewapa maofisa sifa zote anausahau ufupi wa wimbi lenyewe.

Jiji nalo lina mchango wake. Mawe, matofali na lami hunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku. Barabara nyembamba zilizozungukwa na majengo marefu huzuia joto hilo lisitoroke kuelekea angani. Magari na mitambo huongeza lao. Matokeo yake ni kwamba katikati ya Paris usiku wa kiangazi kunaweza kuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya mashamba yaliyo nje ya jiji, ilhali mchana tofauti hiyo huwa ndogo. Tukumbuke tena kwamba kituo rasmi kimo bustanini. Zile 25.5 za mwaka 2003 zilipimwa juu ya nyasi, kando ya miti na maji. Sifa ileile inayokifanya kituo kiaminike kwa kulinganisha miaka ndiyo inayokifanya kisiwe shahidi mzuri wa alichokipata mtu aliyelala wilaya ya pili, ghorofa ya saba.

Na ghorofa ya saba ina kisa chake. Mapaa ya Paris yanayosifiwa kwenye kadi za posta yamefunikwa kwa bati la zinki, na chini yake kabisa vimo vyumba vidogo vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi wa ndani, ambavyo leo hukaliwa na wanafunzi, wafanyakazi wa kipato cha chini na wazee walioshindwa kuhama. Zinki huwaka juani, na vyumba vingi havina kinga yoyote kati ya bati na dari. Uchunguzi uliofanywa baada ya maafa ya 2003 kuhusu wazee waliofia majumbani ulionyesha kwamba kuishi moja kwa moja chini ya paa kuliongeza hatari ya kufa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kipimajoto cha Montsouris hakijawahi kulala chini ya zinki.

Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1911 unasema yaleyale kwa namna nyingine. Majira yale ya joto, yaliyodumu kuanzia Julai hadi Septemba, yanakadiriwa na wanahistoria kuwa yaliua takriban watu 40,000 nchini Ufaransa, wengi wao wakiwa watoto wachanga walioharishwa na maziwa yaliyoharibika na maji machafu. Wala mwaka huo Paris haikuvuka nyuzi 40. Kwa hiyo majira mawili ya joto ambayo kumbukumbu ya vifo inayaweka juu kabisa, 1911 na 2003, hayamo katika orodha ya siku za nyuzi 40, na aliyeuawa na joto la kwanza si yule aliyeuawa na la pili. Usafi wa maziwa na maji uliwaokoa watoto; upweke wa ghorofani ukawakamata wazee wa vizazi vilivyofuata.

La kustaajabisha ni kwamba serikali ya Ufaransa imeshalielewa hili, na imeliandika katika kanuni zake. Mfumo wa tahadhari ya mawimbi ya joto ulioanzishwa mwaka 2004 hauangalii rekodi kabisa. Kila wilaya kuu ya nchi ina viwango viwili, cha mchana na cha usiku, na vyote hukokotolewa kwa wastani wa siku tatu. Kwa Paris viwango hivyo ni nyuzi 31 mchana na 21 usiku. Mchana wa nyuzi 31 haumshangazi mtu, na hakuna gazeti lingeuweka ukurasa wa mbele. Lakini siku tatu za namna hiyo zikiambatana na usiku wa 21, simu huanza kupigwa: jiji lina daftari ambamo wazee, wagonjwa na walemavu hujiandikisha ili watu wa kuwajulia hali wawatafute joto linapozidi. Mwezi Oktoba 2023 jiji lilikwenda mbali zaidi na kufanya mazoezi ya siku ya kubuni ya nyuzi 50. Nililitazama zoezi hilo kwa mashaka kidogo, kwa kuwa namba ya 50 ina mvuto uleule wa ncha ninaoulalamikia hapa, ingawa waliolipanga walijali, kwa haki yao, nini kingetokea kwa shule, umeme na hospitali.

Hakuna anayehitaji kuliondoa jedwali la zamani. Nyuzi 42.6 zinastahili mahali pake, na tarehe 28 Julai 1947 nayo inastahili kubaki chini yake, ili msomaji aone palivyorukwa. Ninachopendekeza ni kisanduku cha tatu, kiwango cha chini kilichokuwa juu kuliko vyote kwa tarehe husika, kiwekwe kando ya kile cha mchana kwa herufi za ukubwa uleule, na kitangazwe habarini kwa sauti ileile kinapovunjwa. Havihitajiki vyombo vipya wala utafiti mpya. Kituo cha Montsouris kimeziandika nyuzi za alfajiri mwaka baada ya mwaka tangu 1873, zile 25.5 za Agosti 2003 zikiwamo. Ila mtu anayelifungua jedwali la tarehe hizo za Agosti bado anaonyeshwa, kwenye kisanduku cha usiku, baridi ya mwaka mwingine kabisa.